Kamera Isiyopiga Hodi Uani kwa Bi Rukia

Ninyi mlioanza kushika bisibisi juzi, msinicheke kabla sijamaliza. Mimi, mtu wa darasa la nne, niliwahi kuwaonesha wanaume wa mtaa mzima uani kwa mjane aliyekuwa eda. Niliwaonesha kwa wiki sita, na sikujua. Kwa ajili hiyo wanawake wawili waliokuwa marafiki miaka arobaini wakaacha kusemezana.

Nitafika huko. Ila lazima nianze na redio, maana kosa lenyewe lilizaliwa ndani ya redio.

Kazi nilifundishwa Kiomboi na Mzee Ntandu, aliyekuwa na kibanda kwenye njia ya kwenda hospitali. Alikuwa na jicho moja, la pili lilirukiwa na tone la risasi iliyoyeyuka akichomelea waya, lakini kwa hilo moja aliona ubovu kabla hujafungua skrubu. Alikuwa na kanuni moja tu aliyoishika kama sala. Ukimaliza kutengeneza redio, kabla hujarudisha kifuniko cha nyuma, chukua penseli, andika ndani ya kifuniko jina lako na ulichokifanya.

"Mwenye redio hafungui kifuniko," aliniambia. "Anayefungua ni fundi mwenzako. Humo ndimo mafundi tunamoongea. Kwa hiyo andika ukweli."

Nikaandika ukweli. Mwinjilisti mmoja alileta redio iliyonyamaza kabisa. Nikaifungua, nikakuta betri zimewekwa kichwa chini miguu juu. Nikazigeuza, redio ikaimba. Nikakaa nayo siku tatu ili ionekane ilikuwa na ugonjwa mkubwa, kisha ndani ya kifuniko nikaandika: "Redio haina ubovu. Mbovu ni mwenyewe." Sasa yule mwinjilisti alikuwa na tabia ya kufungua vitu. Jumapili akahubiri juu ya watu wanaoandika gizani, na mama yangu alikuwa amekaa benchi la mbele. Mzee Ntandu akanivuta sikio, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Akasema, "Nilisema uandike ukweli, sikusema uandike matusi."

Hata hivyo kanuni sikuiacha. Nenda leo Iramba, fungua redio ya zamani yoyote, utanikuta humo.

Kisha ikaja ruksa. Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamwezi kujua. Sisi tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na ghafla kila kitu kikawa ruksa kuuzwa. Mizigo ikashuka Singida mjini kama mvua ya mawe. Redio zenye mikanda miwili, saa zinazolia kama kuku, pasi, feni, televisheni. Nikahama Kiomboi nikaja mjini, maana vitu vilivyoingia kwa wingi viliharibika kwa wingi pia, na fundi hula mahali vitu vinapoharibikia.

Televisheni ndiyo iliyonipa jina la Fundi Antena. Upepo wa Singida mnaujua. Ukifunga antena asubuhi, jioni inaangalia Manyoni. Nilipanda mabati mpaka wanangu wakawa wanasema baba anaishi juu. Mwanzoni mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja, na watu walijazana madirishani kwa tajiri wanachungulia. Nataka mlikumbuke hilo la kuchungulia. Sisi ndio tulioanza. Tulichungulia kwa watu bila haya, tukiita maendeleo, na tajiri alijisikia fahari akatuachia pazia wazi. Kwa hiyo yaliyotokea baadaye msiseme ni ya vijana wa simu.

Kamera zilipofika mimi nilikuwa mzee tayari, magoti yanalia nikipanda ngazi. Mwanzoni zilikuwa za benki na vituo vya mafuta. Kisha zikashuka bei, zikaingia soko la watu wadogo, na kila mwenye geti akataka yake. Nimefunga kamera Mwankoko kwa bwana mmoja aliyetaka kulinda kuku. Baada ya mwezi akaniita nifunge nyingine ya kumlinda mlinzi wa kuku. Baada ya mwezi wa pili akanong'ona, "Fundi, huwezi kuweka moja ndogo jikoni, mke wangu asijue?" Nikamwambia kwamba kuku hawakuibiwa, aliyeibiwa ni yeye, ameibiwa akili. Hakuniita tena. Akaita mwingine, akafungiwa.

Hapo nilijiona mwema sana. Ngoja sasa mniangalie wema wangu.

Kamera zile ndogo nilizoagiza katoni nzima zilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kila moja ilikuwa na karatasi ndogo mgongoni yenye namba yake, namba ndefu kama ya injini ya gari, na kwa kuwa zilitoka kiwandani pamoja, namba zilifuatana. Moja ikiishia na sita, jirani yake inaishia na saba. La pili, kila moja ilitaka neno la siri. Unaingiza namba na neno la siri kwenye simu, unaiona nyumba yako hata ukiwa Mwanza.

Sasa wateja wangu walisahau maneno yao ya siri kila wiki. Mara "Fundi, nimesahau," mara "Fundi, simu imeanguka chooni." Nikachoka. Nikafanya ujanja nilioona ni wa akili kuliko wote niliowahi kufanya: kamera zote za mji nikazipa neno moja, alizeti1. Na kwa mafunzo ya Mzee Ntandu, ndani ya kifuniko cha kila kamera nikaandika kwa penseli: "Fundi Antena. Neno ni alizeti1. Inafanya kazi vizuri." Ili fundi mwenzangu akifungua, asipate shida.

Naona mnashika vichwa. Shikeni, ila mimi wakati ule nilijipongeza.

Bi Rukia alikuwa mke wa mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti. Nyumba yao ni zile za zamani za mjini: mbele baraza na duka, nyuma uani kuna jiko, kisima, na mlango mdogo wa kutokea uchochoroni. Ukoo wa mume ulikuwa na watu wa pwani na watu wa Tabora mle mle, lakini Bi Rukia mwenyewe alizaliwa hapa hapa, na Kinyaturu chake akikasirika kilikata kama panga jipya. Uani ndiko alikoishi. Mbele ya nyumba hukumwona kichwa wazi hata siku moja. Uani alikuwa mama wa kawaida, kanga kiunoni, nywele nyeupe nje, anachambua mchele na kuwasema watu.

Na aliyekuwa akisemezana naye ni Mama Elisha, jirani wa nyuma, Mnyiramba, mwimbaji wa kwaya, mfugaji wa kuku. Kila alasiri aliingia kwa mlango mdogo. Mmoja anakwenda msikitini mwingine kanisani, watoto wao wamekula sahani moja. Walipokaa pale hakuna aliyesalimika, mkuu wa mtaa wala sheikh wala mchungaji.

Mume akafariki, Mungu amrehemu. Bi Rukia akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani, haonwi na wanaume wasio maharimu wake. Mwanae wa pekee anafanya kazi Dar es Salaam. Arobaini ilipopita akanipigia simu. "Mzee wangu, mfungie mama kamera. Nimwangalie. Na mapipa ya mafuta yako uani."

Nikaenda. Nikapiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa kwenye nyumba ya eda. Nikasubiri barazani mpaka Bi Rukia akaingia chumbani na mlango ukafungwa. Ndipo nikapita uani nikiwa nimeinamisha macho kama bwana harusi. Nikaifunga juu ya mapipa, chini ya dari isipigwe na jua, nikaielekeza ione uani wote mpaka mlango mdogo. Kazi safi. Nikaondoka nimeinama vile vile. Mimi mwenye macho nikainama, na nyuma yangu nimeacha jicho lisilofumba.

Kamera ile ilikuwa na sikio na mdomo pia, yaani mwenye simu anaweza kuongea na sauti ikatokea kwenye kamera. Yule kijana alimsalimia mama yake kwa njia hiyo mara mbili. Mara ya pili Bi Rukia akamjibu, "Mwanangu, ukitaka kunisalimia panda basi." Tangu hapo ikanyamaza, na yeye akaizoea kama saa ya ukutani.

Haukupita muda, maneno yakaanza kutoka.

Bi Rukia akisema uani kwamba pilau la msiba fulani lilikuwa na mawe, kesho yake mwenye msiba amenuna. Akisema sheikh fulani anaswali haraka kama aliyeacha maziwa jikoni, Ijumaa sheikh anaswalisha polepole mpaka watu wanasinzia. Hata kwamba alitia chumvi mara mbili kwenye mchicha, watu walijua.

Shemeji yake, Saidi, mdogo wa marehemu, akaja na uso wa huzuni. Huyu bwana aliitaka ile nyumba aipangishe, akiwa anamshauri shemeji akapumzike kijijini. Aliyekuwa akimwambia Bi Rukia "usitoke hata kwa winchi" ni Mama Elisha. Basi Saidi akasimama nyuma ya pazia akasema, "Shemeji, sitaki kusema, lakini maneno yako yanatoka kwa mlango wa nyuma. Uani mko wawili tu. Wewe hutoki. Ni nani anayetoka?"

Hesabu yake ilikuwa nyepesi, na ilimchoma Bi Rukia. Mama Elisha alipokuja alasiri akakuta mlango mdogo umefungwa kwa ndani. Akabisha. Akasikia, "Mwenzangu, pumzika kwako. Na mimi nipumzike."

Hakubisha mara ya pili. Alirudi na bakuli lake la mayai, na watu wanasema wiki ile kwaya ilikosa sauti ya kwanza.

Mimi niliyasikia hayo kama wengine, nikatikisa kichwa kama wengine. Nikasema kabisa, mbele za watu, "Wanawake na midomo yao." Nawaambia haya kwa sababu Mzee Ntandu alisema andika ukweli.

Siku moja alasiri nikaenda kunyolewa. Kuna kinyozi mmoja nilimfungia kamera kutoka katoni ile ile. Nashangaa saluni imejaa watu wazima, kahawa inazunguka, na hakuna anayenyolewa isipokuwa mmoja aliyebaki nusu kichwa. Saidi yumo, kwenye kiti kizuri, na Saidi ana upara tangu enzi za foleni ya sabuni. Wote wanatazama televisheni ya ukutani.

"Kaa, Mzee Antena," kinyozi akaninong'oneza. "Leo anapika maharage."

Nikatazama. Nikaona mapipa ya mafuta. Nikaona kisima. Nikamwona Bi Rukia kichwa wazi, peke yake, amekaa kwenye kigoda, na kigoda cha pili kando yake kitupu.

Nikamgeukia kinyozi. "Hii mmeipataje?"

Kinyozi akanieleza bila kuona aibu yoyote. Simu yake ya zamani ilikufa, akanunua mpya, akaingiza namba ya kamera yake upya. Kidole chake kinene kikakosea namba ya mwisho, badala ya sita akabonyeza saba. Akaweka alizeti1. Ikafunguka. "Nikaona si saluni yangu, nikasema haya, riziki." Kisha akaiunga na televisheni, na wateja wakaongezeka.

Ninyi mkisikia wadukuzi mnafikiria vijana wenye kompyuta kumi huko ng'ambo. Mdukuzi wetu alikuwa kinyozi mwenye kidole kinene, na aliyemkabidhi funguo ni mimi.

Mngetegemea nisimame nipige kelele. Sikusimama. Nilikunywa kahawa. Nikarudi nyumbani nikakaa siku mbili nikijishauri niende usiku nikabadilishe neno kimyakimya, jina langu lisiharibike. Mke wangu akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia. Akaacha kufagia. Akasema, "Kwa hiyo Mama Elisha ameachwa kwa jina lako," akaendelea kufagia. Fagio lile lilinipitia miguuni mara tatu.

Nikaenda kwa Bi Rukia. Nikapiga hodi, nikakaa barazani, yeye akakaa ndani nyuma ya pazia la dirisha.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, fundi. Umekuja kwa heri?"

Nikamwambia yote. Namba, neno, kidole, televisheni, kahawa, kigoda kitupu. Pazia halikutikisika. Nilidhani ameondoka.

"Ile marahaba niliyokupa sasa hivi," akasema, "naichukua."

"Ni haki yako, Bi Rukia. Acha niingie niizime."

"Usiizime. Nani wamo?"

Nikawataja. Nilipofika kwa Saidi akacheka kidogo, kicheko kikavu kama ganda la karanga. Kisha sauti ikabadilika, akauliza taratibu, "Na Mama Elisha anajua?"

"Hajui."

"Nenda kwake kwanza. Mwambie wewe kwa mdomo wako kwamba mimi nimemkosea. Mwambie kesho alasiri mlango mdogo uko wazi. Asipokuja sitamlaumu. Halafu wewe nenda saluni, ukae huko."

Mama Elisha nilimkuta anawalisha kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho akiendelea kumwaga pumba mahali pamoja, kuku wakipandana migongoni.

"Antena," akasema, "ulinifungia televisheni ikaonesha chenga miaka miwili, sikukukasirikia. Ulivunja bati langu, nikakupa na chai. Hili sina la kukupa." Akatazama ule mlango wa uchochoroni. "Miaka arobaini, na aliyeaminiwa ni Saidi."

"Anasema mlango uko wazi."

"Nimesikia."

Hakusema atakwenda wala hatakwenda.

Kesho yake alasiri nikakaa saluni. Nyumba imejaa, nusu kichwa wa siku ile karudi kumaliziwa, Saidi kwenye kiti chake. Kinyozi akawasha. Uani mtupu. Watu wakaguna kama mpira umechelewa kuanza.

Akatokea. Amejistiri kuanzia utosini mpaka vidole, macho tu yanaonekana. Akavuta kigoda, akakiweka katikati kabisa, akakaa akiielekea kamera. Akatutazama.

"Haya," akasema. "Nimeambiwa nina wageni."

Kahawa ya mtu ikamwagika.

"Mmeingia uani kwangu wiki sita. Hakuna aliyepiga hodi. Sawa, pengine hamkuuona mlango. Lakini na salamu je? Kuna watoto humo nimewabeba mgongoni. Mnakaa mbele ya mtu mzima kila siku, mnamtazama anavyokula, na hamumwamkii? Mama zenu waliwafundisha hivyo?"

"Zima," mmoja akanong'ona.

"Ukizima atajua tupo," kinyozi akanong'ona.

"Kitu hiki kina mdomo," Bi Rukia akasema. "Mwanangu alinionesha. Mimi sina haraka. Siku zangu za kukaa ndani bado nyingi. Nasubiri."

Akanyamaza, na alijua kunyamaza. Saluni nzima ilitazama chini. Mtu mzima akikaa mbele yako hujamwamkia, ninyi mnajua inavyowasha, hata kama kakaa ndani ya televisheni. Jamaa wa nusu kichwa hakuweza kuvumilia. Akainuka na shuka lake shingoni, akachukua simu ya kinyozi, akabonyeza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Ramadhani. Wa baiskeli."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

"Msalimie. Mwambie umeniona nikichambua mchele kichwa wazi, ndani ya eda, ukaendelea kukaa."

Ramadhani akakaa chini sakafuni, juu ya nywele za watu.

Simu ikazunguka kama sahani ya sadaka. Shikamoo, marahaba, nani wewe, msalimie mama yako. Kinyozi alipofikiwa sauti ilimtoka nyembamba kama ya ndege. Wengine walijaribu kubadilisha sauti, akawataja majina kabla hawajamaliza neno. Simu ikafika kwa Saidi. Akatikisa kichwa, akampa jirani. Jirani akamrudishia.

"Bado mmoja," Bi Rukia akasema. "Anavuta ugoro. Tangu mlipoanza kuniamkia namsikia akijikaza asipige chafya."

Watu wote wakamgeukia. Saidi akaishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shemeji."

Kuku waliita mahali nje ya kioo.

"Marahaba, Saidi. Hesabu yako ilikuwa nzuri. Uani tuko wawili, mmoja hatoki. Ulisahau kujihesabu wewe."

Bi Rukia akageuza shingo. Nyuma yake, pale kwenye mlango mdogo, sauti ilisema hodi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, lakini alipiga hodi.

"Karibu," Bi Rukia akasema, na ile sauti iliyotuchapa wote ikapasuka katikati. "Karibu, mwenzangu. Nisamehe."

Mama Elisha akaingia na bakuli la mayai. Alisimama akatutazama juu pale, akiwa na kanga ya kanisani, kifua mbele. Kisha akavuta kigoda cha pili, akakaa.

"Ndio hao?" akauliza.

"Ndio hao. Nao hawajakuamkia."

Simu ikaanza kuzunguka upya, ikianzia kwa Saidi. Wakamaliza wote. Bi Rukia akanyanyua mkono kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

"Sasa nendeni. Na mkitoka, mrudishe mlango."

Kinyozi alizima kwa kuchomoa waya ukutani. Saidi habari za kumpeleka shemeji kijijini hakuzitaja tena, na kunyolewa alihamia mtaa mwingine, na upara wake.

Mimi nilizunguka mji mzima na ngazi. Na hapa vijana msikilize, ndiyo kazi yenyewe. Neno la siri mwenye nyumba alichague mwenyewe, alibonyeze mwenyewe, na wewe fundi geuka utazame ukutani. Akilisahau, aje, mfute muanze upya, ni kazi yako. Namba ya mgongoni mpe, kisha ibandue. Kamera itazame geti, itazame ghala, isitazame mahali mtu anapovua ushungi wala anapovua kiatu. Mteja akikwambia nataka niwaone watu wangu, mwulize kama nauli ya basi imemshinda. Nyumba nyingine nilifukuzwa, wakidhani natafuta kazi mara ya pili. Mmoja alikataa kubadilisha, akasema alizeti1 ni rahisi kukumbuka. Nikamwambia ndiyo, hata kinyozi anaikumbuka.

Kwa Bi Rukia nilikwenda mwisho, kwa haya. Nikapiga hodi. Akaingia ndani, pazia likashuka. Mama Elisha alikuwa uani, ananisimamia kama mahabusu.

"Shikamoo, Bi Rukia," nikasema kuelekea kwenye pazia.

Kimya. Nikapanda ngazi, magoti yakilia. Nikaing'oa. Nikaifungua pale pale juu ya pipa ili nitoe betri yake, na ndani ya kifuniko nikakutana na mwandiko wangu: Inafanya kazi vizuri. Nikatafuta penseli mfukoni. Nikakata ule mstari, nikaandika chini yake, nikampa Mama Elisha.

"Soma wewe," nikamwambia. "Yeye asikie."

Akakisogeza kifuniko mbali na macho, jinsi wasomavyo wazee. Akasoma kwa sauti ya kwaya, ifike ndani.

"Kamera haina ubovu. Mbovu ni fundi."

Pazia likatikisika kidogo.

"Marahaba, fundi," Bi Rukia akasema.